STAA ANA LAPTOPU YA TATU NDANI YA MIAKA MIWILI, EDITA WAKE ANAHANGAIKA NA YA 2012: NANI MZEMBE HAPO?

Mjini kuna vituko, lakini hiki cha staa mmoja wa tamthilia za mtandaoni kimevuka mpaka.

Wiki mbili zilizopita mwanadada huyo, ambaye jina lake kwa leo linabaki kapuni, alitupia video akifungua boksi la laptopu mpya. Kucha ndefu, manukato pembeni, muziki laini, plastiki inachanwa taratibu kama ganda la pipi. Chini yake akaandika kwamba mwanamke wa hadhi yake hakai na mashine moja zaidi ya mwaka. Mioyo ikamiminika. "Dada unatisha!" "Mungu nione na mimi!" "Wenye wivu wajinyonge!"

Siku nne baadaye akarudi kwa sura nyingine. Macho mekundu, sauti ya kukwama. Akatangaza kwamba sehemu mbili za tamthilia yake hazitatoka, kwa sababu edita wake ni mzembe na amepoteza kazi yote. Hakumtaja kwa jina, ila akamtagi. Basi wafuasi wakamshukia kijana wa watu kama mwewe. Mwizi! Katumwa! Mchawi! Mpaka dada yake kijana huyo, anayeuza mihogo Mabibo, akafuatwa kwenye ukurasa wake na kutukanwa.

Sasa ukweli ambao staa hakuuposti ni huu hapa. Kijana huyo anaedit tamthilia nzima kwenye laptopu iliyotengenezwa mwaka 2012. Ni yake mwenyewe, kainunua mtumba baada ya kuuza simu. Kwa mujibu wa watu walio karibu na kazi hiyo, diski ya mashine ilianza kugonga mapema tu, na kijana alimwambia bosi wake mara tatu. Meseji zipo, wameziona. Ya mwisho ilijibiwa hivi: "Mdogo wangu vumilia kidogo, tukipata mdhamini jambo la kwanza ni mashine yako."

Mdhamini akapatikana. Mashine ikanunuliwa. Ikaishia mezani kwa staa, na huko kazi yake kubwa mpaka leo ni kuangalizia Instagram kwenye kioo kikubwa.

Haya, nani mzembe hapo?

KUBADILI KILA MWAKA SIO UJANJA

Hii ni laptopu yake ya tatu ndani ya miaka miwili. Ya kwanza ilikuwa nzima kabisa. Aliiacha kwa sababu rangi haikuendana na ofisi mpya, na hilo alilisema mwenyewe laivu, akicheka. Ya pili ilikaa miezi tisa, ikapelekwa Makumbusho kimyakimya na kuuzwa kwa hasara, kodi ya nyumba ilipokuwa inagonga mlango. Hii ya tatu, hela ya mdhamini haikutosha. Akajazia na ile mikopo ya kausha damu, marejesho kila wiki.

Mashabiki wake wana jibu moja tu: "Kwani hela ni zako?"

Sawa, hela ni zake. Mtu akitaka kununua laptopu kumi azipange kama vigae vya jikoni, hakuna sheria inayomzuia. Lakini mambo mawili hapo hayamhusu yeye peke yake. La kwanza, hela ya mdhamini ilitoka kwa jina la kazi, na kazi inafanywa na mtu mwingine. La pili, aliwaambia mabinti na vijana zaidi ya laki moja wanaomfuata kwamba mashine ikipita mwaka ni aibu. Miongoni mwao kuna mwanafunzi wa chuo anayetegemea mkopo wa kusoma. Kuna kijana wa stationari pale Ubungo. Kuna binti anayeandaa kadi za harusi kwenye laptopu ya kaka yake. Hao wameambiwa na mtu anayedaiwa kila wiki kwamba wao ndio wamechelewa na maisha.

Huo ni uongo, na uongo wa kompyuta ni rahisi kuuvua nguo, kwa sababu kompyuta ni chombo. Chombo kinapimwa kwa kazi.

LAPTOPU INAKUFA LINI KWA KWELI?

Hakuna laptopu iliyoandikwa chini ya kasha tarehe ya kufa. Ikitunzwa, miaka mitano ni kawaida, saba inafika, na kwa kazi za kuandika, kusoma na kutuma barua pepe hata kumi inagonga. Ukiona imeanza kukusumbua, mara nyingi ni kiungo kimoja kimechoka, mwili wote bado uko fiti.

Kuna fundi mmoja wa Kariakoo anasimulia kisa kinachomtokea karibu kila wiki. Kijana anaingia, anaweka laptopu mezani kwa hasira.

"Kaka, chukua hii nikuongezee hela unipe nyingine. Imezeeka, inawaka kwa dakika tano."

"Ina miaka mingapi, mdogo wangu?"

"Sita."

"Haijazeeka. Imechoka diski. Kaa hapo kwenye kigoda."

Baada ya saa moja na ushee kijana anatoka na mashine ileile, inawaka kabla hajamaliza kuvaa begi. Kilichobadilika ni diski tu. Laptopu nyingi za zamani zina diski ya kuzunguka, sahani ndogo inayozunguka mara 5,400 kwa dakika huku kisindano kikisoma juu yake. Ni kitu kinachotembea, kwa hiyo kinachakaa, na kikianza kugonga tak tak tak ujue kinaaga. SSD haina kinachozunguka ndani yake. Ukihamisha mashine ya zamani kutoka diski hiyo kwenda SSD, na ukatoa RAM ya 4GB ukaweka 8GB au zaidi, mwenyewe utadhani umeibadilishia roho. Hiyo ni hela ya kudunduliza, haifikii ya kukopea.

Betri nayo ina hesabu yake. Apple wenyewe wanasema betri za MacBook za kisasa zimetengenezwa zibaki na hadi asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 1,000 ya chaji. Mzunguko mmoja ni kutumia asilimia 100 kwa jumla, hata kama umeitumia nusu leo na nusu kesho. Kwa mtu anayemaliza mzunguko mmoja kwa siku, hiyo ni karibu miaka mitatu kabla betri haijaanza kumchosha. Na ikichoka, inabadilishwa betri. Hakuna anayeuza gari kwa sababu tairi limeisha.

Adui mkubwa zaidi kwa mashine za Dar ni joto na vumbi. Watu wanaedit kitandani, godoro linaziba matundu ya hewa, feni inalia kama bodaboda inayopanda kilima, halafu wanasema laptopu za siku hizi mbovu. Ifunguliwe, vumbi litolewe, ile dawa inayopakwa juu ya prosesa ibadilishwe, iwekwe juu ya meza. Na siku umeme unapochezacheza, ichomolewe ukutani. Hayo tu yanaiongezea mashine maisha ambayo hakuna video ya kufungua boksi itakayokwambia.

Tena kuna kichekesho hapa. Hizi mpya zinazotambiwa, nyingi huwezi hata kuzitibu. MacBook zenye chipu za M, kwa mfano, RAM yake imeunganishwa pamoja na chipu yenyewe. Ukinunua ya 8GB, utazeeka nayo ikiwa 8GB. Laptopu nyingi za ofisini za miaka ya nyuma unafungua skrubu, unaongeza, unafunga, maisha yanaendelea. Kwa hiyo anayeicheka ya zamani huenda anacheka mashine yenye miaka mingi mbele kuliko ya kwake.

"MPYA" YAKO IMESHASTAAFU ULAYA

Hebu tazama laptopu zilizojaa kwenye maduka ya Kariakoo. ThinkPad, Latitude, EliteBook. Sehemu kubwa ni mashine za maofisini huko Ulaya na Marekani, ambako makampuni mengi huzibadilisha kila baada ya miaka mitatu mpaka mitano, ziwe nzima ziwe mbovu. Zinauzwa kwa mafungu, nyingi zinapitia Dubai, zinasafishwa, zinafungwa kwenye nailoni, zinafika hapa. Kijana anainunua, anapiga picha, anaandika "mashine mpya, Mungu ni mwema."

Na kweli Mungu ni mwema, kwa sababu mashine hiyo iliyostaafu Ulaya itamlipia ada, itamtengenezea matangazo ya wateja, itamlea mpaka mtoto wa kwanza. Huko imeonekana haifai, hapa ndiyo kwanza inaanza kazi. Uchumi mzima wa vijana wa mjini, stationari, studio za muziki za uani, edita wa harusi, wachora nembo, unasimama juu ya kompyuta ambazo mtu mwingine alichoka kuziona. Halafu atokee mtu mmoja na taa ya duara usoni aseme mwaka mmoja unatosha! Angejua nyimbo ngapi anazochezea kwenye video zake zimetoka kwenye mashine za mtumba, angenyamaza.

VIPI KUHUSU WINDOWS 10?

Hapa wajuaji wanaleta hoja nzuri, na inastahili jibu. Oktoba 14, 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10, mfumo uliotoka mwaka 2015. Windows 11 kwa utaratibu rasmi inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka karibu zote ziwe prosesa za kizazi cha nane kwenda juu, zilizoanza kutoka mwaka 2017. Kwa hiyo laptopu nyingi nzima zimeambiwa zimeisha muda wakati bado zinapumua vizuri tu.

Hilo linauma, lakini si hukumu ya kifo. Microsoft waliweka nyongeza ya mwaka mmoja ya kinga za usalama kwa watumiaji wa nyumbani watakaojiandikisha, mpaka Oktoba 13, 2026. Na baada ya hapo ipo Linux Mint, ya bure, inayokwenda vizuri kwenye mashine ambazo Windows 11 imezikataa. Kuandika, intaneti, filamu, mafunzo ya mtandaoni, vyote vipo. Mwenye programu ya kazi inayodai Windows mpya, huyo ana sababu ya kweli ya kubadili. Ila asiende kuchukua ya mwaka huu kwa mkopo. Achukue ya kizazi cha nane au zaidi, hata mtumba, na kabla hajalipa awashe, aangalie betri, abonyeze kila kitufe cha kibodi. Amemaliza.

WANAOVUTA MNO NAO WASIJIFICHE

Ili haki itendeke, upande wa pili nao upigwe. Kuna prodyuza mmoja wa Sinza, jina kubwa enzi zake, anatamba kwamba kompyuta yake ina miaka kumi na miwili na "haijawahi kumwangusha." Yeye haijamwangusha, imewaangusha wasanii. Watoto wanalipia sesheni ya saa tatu, saa moja na nusu inaliwa na mashine kuganda. Wimbo umekamilika, mashine inazima, hakuna nakala sehemu nyingine, waanze upya na walipe upya. Ukimuuliza anasema vijana wa siku hizi hawana subira. Bwana mkubwa, hiyo nayo ni kiki kama zile nyingine. Mmoja anatamba kwa upya, mwingine kwa ukongwe, na wote wawili bili inakwenda kwa wanyonge.

Kwa hiyo swali la "ina miaka mingapi" ni swali la kivivu. Maswali yenye maana ni mengine. Kazi gani imekataa? Kilichokataa ni kiungo kimoja au mashine nzima? Na ukinunua nyingine, itarudisha hela yake ndani ya muda gani? Mwanafunzi anayeandika ripoti, mashine ya 2015 yenye SSD inamtosha kabisa. Edita anayeletewa video za 4K kila wiki, ya 2012 ni mateso. Anaweza kujisaidia kwa kutengeneza nakala nyepesi za video, akate kwa hizo, kisha arende na zile halisi. Kijana wa Mabibo ndicho alichokuwa anafanya. Anaacha mashine inarenda kuanzia saa nne usiku, analala sakafuni pembeni yake akisikilizia feni isije ikanyamaza. Asubuhi sehemu mpya ipo hewani, na staa anapokea pongezi.

Usione vyaelea, vimeundwa. Na huyu aliviunda kwa mashine inayokufa, akasema inakufa, akaambiwa avumilie.

KUNA WENGINE WANALIPA PIA

Jambo moja wapenda vipya hawalifikirii. Betri nyingi za laptopu na simu zina madini ya kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, huko Kolwezi na maeneo ya jirani. Wapo wanaoingia mashimoni kwa mikono, na wengi wao wanaongea Kiswahili kama kinachosomwa hapa. Upande wa pili wa safari ndiko yanakokwenda makapi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka 2024 ilisema mwaka 2022 pekee dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa inavyotakiwa. Mashine nzima inayoachwa kwa sababu ya rangi inapita katikati ya hayo yote. Hakuna anayesema watu wasinunue. Kinachosemwa ni kwamba ukinunua, itumie mpaka ikulipe.

NENO KWA STAA NA WENZAKE

Mastaa wana utetezi mmoja ambao una ukweli ndani yake: muonekano ni sehemu ya kazi. Mdhamini anataka kuona mtu msafi, ofisi safi, vitu vinavyong'aa. Sawa kabisa. Lakini mdhamini hakulipia meza, alilipia tamthilia. Watazamaji hawakuja kuangalia laptopu, walikuja kujua kama yule mama mkwe atagundulika kwenye sehemu ya saba. Leo sehemu ya saba haipo, ya nane haipo, na laptopu inang'aa.

Bei ya diski moja ya nje ya kuhifadhia nakala ingeziokoa sehemu zote mbili. Haikufika hata gharama ya kucha na mapambo ya ile video ya kufungua boksi. Hapo ndipo hasira ya watu wenye kumbukumbu inapotoka. Hela ilikuwepo. Onyo lilitolewa mara tatu. Kilichokosekana ni heshima kwa mtu ambaye hatokei kwenye kamera.

Kama staa huyo bado anasoma anachoandikwa, njia ya kutoka ni fupi. Afute ile posti. Amwombe radhi kijana palepale alipomdhalilisha, mbele ya watu walewale. Ile laptopu ya tatu aipeleke Mabibo, maana mwenye kazi nayo yuko huko, na yeye aendelee na simu yake, inayomtosha kwa yote anayoyafanya. Diski iliyokufa wampelekee fundi mwenye vifaa vya kuokoa data kabla mtu hajaendelea kuiwasha-washa, kwa sababu kila ikiwashwa inajimaliza zaidi. Huenda mama mkwe akapatikana.

Na kwa ninyi vijana mnaotazama video za maboksi usiku huku laptopu yenu ya miaka sita ikiwa imefunikwa kitambaa kwa aibu: ifunueni. Ipelekeni kwa fundi ipigwe vumbi. Wekeni nakala za kazi zenu sehemu mbili. Halafu fanyeni kazi mpaka mashine yenyewe iseme basi. Mtu wa nje anayewaambia mmepitwa, muulizeni kwanza marejesho yake ni ya Jumatatu au Ijumaa.

Wewe mdau, laptopu yako ina miaka mingapi, na imekulipa nini mpaka sasa? Na kati ya staa na edita, nani anastahili kuombwa radhi? Dondosha maoni yako hapo chini, matusi hapana.